Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, Waziri wa Utumishi, Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri, na Wakurugenzi wa Halmashauri: Saini ya kujiunga na chama iwe ya mtumishi mwenyewe

Waheshimiwa,

Salaam. Naandika nikiwa mwalimu wa sekondari ya serikali, Tanzania Bara, na mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Natanguliza uanachama wangu kwa sababu mtumishi yeyote anayehoji makato ya chama huitwa upesi mpinga vyama. Mimi navitaka vyama, tena vyenye nguvu. Mwalimu asiye na chama husimama peke yake mbele ya mwajiri mwenye mafaili yote, na madai yake ya kupandishwa daraja yanaweza kulala mezani kwa mtu mpaka anastaafu. Ninachohoji ni namna tunavyofikishwa kwenye chama hicho: nani anachagua, nani anahesabu, na hesabu yenyewe mtumishi anaiona wapi.

Mambo huanzia siku ya kuripoti. Mtumishi mpya anafika halmashauri na begi lake, usiku uliopita kalala nyumba ya wageni karibu na stendi, mfukoni ana hela za kumfikisha wiki moja au mbili. Ofisi ya utumishi ina foleni. Anapewa rundo la fomu: taarifa za benki, mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, wategemezi, kiapo cha utii. Hofu yake kubwa ni kwamba orodha ya mishahara ya mwezi huo itafungwa kabla jina lake halijaingia, kwa hiyo anasaini kila anachowekewa mbele. Ndani ya rundo hilo imo TUF 6, fomu ambayo kwayo mfanyakazi anamruhusu mwajiri kumkata ada ya chama. Mara nyingi jina la chama limeshaandikwa. Hakuna anayemwambia kwamba hiyo si sharti la ajira, kwamba angeweza kuiacha, kwamba kuna vyama zaidi ya kimoja, au kwamba ana haki ya kwenda nayo nyumbani akaisome.

Na huyo ana nafuu, maana walau fomu aliiona. Mwalimu mwenzangu, binti anayefundisha hisabati, hakuiona kabisa. Mshahara wake wa kwanza ulipoingia tulifungua hati ya mshahara kwenye simu yake tukiwa chumba cha walimu. Kodi ilikuwepo, hifadhi ya jamii ilikuwepo, bima ilikuwepo, na chini yake mstari wa chama ambacho hakuwahi kukisikia mpaka siku ile. Alipanda gari kwenda makao makuu ya halmashauri kuuliza. Aliambiwa hayo ni makato ya mfumo, kila mwalimu anakatwa. Akauliza kama makato hayo yamemfanya mwanachama. Akaambiwa aende kwenye ofisi ya chama. Ofisi ya chama ikamwambia aandike barua kwa mwajiri. Huyu ni mtu aliyesomea namba, na hakupata mtu wa kumjibu swali moja tu: mimi ni mwanachama, ndiyo au hapana?

Swali lake nimelichukua, nalileta kwenu.

Sheria haina utata hapa. Ibara ya 20 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na vyama, na ibara hiyo hiyo inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri atakata ada ya chama ikiwa mfanyakazi amemruhusu kwa fomu iliyowekwa kwa kazi hiyo. Inasema pia kwamba mfanyakazi anaweza kuifuta ruhusa hiyo kwa kutoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Sheria hiyo inakwenda mbali zaidi: mkataba wowote unaomlazimisha mfanyakazi kuwa mwanachama hauwezi kutekelezwa. Na nchi yetu imeridhia Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu uhuru wa kujiunga na vyama, tangu mwaka 2000.

Sasa najua jibu linalokuja, kwa sababu ndilo tunalopewa kila tukiuliza: ada ya uwakala. Ni hoja ya haki na naipa nafasi yake. Chama chenye wanachama wengi kinapojadiliana na mwajiri na kupata nyongeza au posho, faida inamfikia kila mtumishi wa kundi lile, hata asiyetoa senti. Sheria ikaona si vizuri baadhi walime na wote wale, ikaruhusu chama kinachotambuliwa na mwajiri wake waingie mkataba wa uwakala, ambapo asiye mwanachama anakatwa kiasi kilicho sawa na ada ya mwanachama au pungufu yake. Sina ugomvi na kanuni hiyo.

Lakini kanuni hiyo imezungushiwa masharti. Kwanza, lazima pawe na mkataba. Uwakala hauji wenyewe kwa sababu chama ni kikubwa au cha zamani. Unakuja kwa maandishi kati ya mwajiri na chama, na unahusu watumishi wa kitengo husika tu, yaani lile kundi la wafanyakazi ambalo chama kinajadiliana kwa niaba yake. Pili, fedha hizo zinawekwa kwenye akaunti ya pekee, haziruhusiwi kwenda kwa chama cha siasa au kwa mgombea, wala kwenye matumizi yasiyotetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi. Tatu, anayekatwa uwakala anabaki kuwa asiye mwanachama. Haingii kwenye daftari la chama kwa kukatwa.

Tazameni hati ya mshahara ya mwalimu yule. Mstari ni mmoja. Hausemi kama kilichokatwa ni ada ya mwanachama au ya uwakala. Mimi niliyesaini na yeye ambaye hakusaini tunaonekana sawasawa, jina lile lile, asilimia ile ile.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu, na naomba mpasome taratibu. Sheria inasema chama kitatambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano endapo kinawakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kitengo husika. Uwakilishi huo unatokana na watu waliokubali. Kama mfumo wa mishahara hautofautishi aliyekubali na asiyekubali, basi siku mtu akitaka kujua chama kina wanachama wangapi ataangalia makato, na makato yatamwambia kwamba wote ni wanachama. Chama kinapewa ada ya uwakala kwa sababu kina wengi, kisha wengi wale wanathibitishwa kwa ada ile ile ya uwakala. Mzunguko huo hauna mlango wa kutokea. Chama kinaweza kupoteza imani ya robo tatu ya walimu wa wilaya na kwenye karatasi kikabaki na asilimia mia.

Bunge liliona jambo hili linaweza kutokea, likaweka njia. Chama kinachotambuliwa kikipoteza wengi, mwajiri anatakiwa kukipa notisi ya miezi mitatu kirudishe idadi yake. Kikishindwa, utambuzi unaondolewa. Chama kingine chenye wengi kinaweza kuomba nafasi hiyo. Ukizuka ubishi juu ya nani ana wengi, unapita kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ukishindikana huko, Mahakama ya Kazi inaweza kuagiza wafanyakazi wapigiwe kura. Njia ipo. Ila nani ataianza safari hiyo ikiwa namba za kuanzia amezishika mwajiri na hazitoi? Chama kidogo kinachotaka kuonyesha kwamba kimekua hakina pa kuisoma jumla ya watumishi, wala idadi ya waliosaini upande wa pili.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watumishi wengi, nalo ni mipaka ya kitengo chenyewe. Wengi wa nani? Mwalimu wa sekondari anaajiriwa kwa kibali cha Utumishi, shule yake iko chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, mwajiri wake wa kila siku ni Mkurugenzi wa halmashauri, na nidhamu yake iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mshahara wake unapangwa Dodoma na unafanana nchi nzima. Halmashauri ziko 184. Je, chama kihesabiwe kuwa na wengi katika kila halmashauri, au kitaifa? Ikiwa ni kitaifa, walimu wa wilaya moja waliohama wote kwenda chama kingine wataendelea kukatwa kwa ajili ya chama walichokikimbia. Ikiwa ni kwa halmashauri, chama kipya kinaweza kutambuliwa pale, lakini kitajadiliana nini na Mkurugenzi asiyepanga mshahara? Kila jibu lina matokeo yake, na sijaona tamko la wazi ambalo mwalimu wa kawaida anaweza kulisoma akaelewa anahesabiwa wapi. Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 ilituwekea mabaraza ya majadiliano kwa sekta. Ingefaa pia watumishi waelezwe kiti kile cha mwakilishi wao kinapatikanaje.

Hili si la walimu tu. Muuguzi wa hospitali ya wilaya anaweza kuvutwa na TUGHE, chama cha watumishi wa serikali na afya, na TALGWU, chama cha watumishi wa serikali za mitaa, kwa wakati mmoja, kwa kuwa ni mtumishi wa afya na pia ni mtumishi wa serikali za mitaa. Mtendaji wa kijiji, dereva wa halmashauri, mhudumu wa masjala: kila mmoja ana swali lile lile. Kwetu walimu kuna CWT, yaani Chama cha Walimu Tanzania, na kuna chama kingine cha walimu, CHAKUHAWATA. Sikusudii kupiga kampeni ya yeyote kati yao. Barua hii ingekuwa hivi hivi hata chama ninachokipenda ndicho kingekuwa kinanufaika na giza hili.

Nizungumze kidogo juu ya fedha, kwa sababu viongozi wengi huona tunalalamikia vijisenti. Ada ya walimu iliyozoeleka ni asilimia 2 ya mshahara. Mwalimu wa mshahara wa Sh 700,000 anakatwa Sh 14,000 kwa mwezi, yaani Sh 168,000 kwa mwaka. Shule yenye walimu 20 wa mshahara huo inatoa Sh 3,360,000 kila mwaka, bila kuchelewa hata mwezi mmoja, kwa sababu inakatwa juu kwa juu. Mei Mosi ya 2025 pale Singida, Rais alitangaza kima cha chini cha mshahara wa umma kupanda kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kuanzia Julai. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini ada ya asilimia ikapanda pamoja nayo: asilimia 2 ya 370,000 ni 7,400, na ya 500,000 ni 10,000. Hakuna mwanachama aliyeulizwa kama huduma ya chama nayo imepanda kiasi hicho. Ukiuliza tawini fedha zinafanya nini, unaonyeshwa fulana na kofia za Mei Mosi. Mwalimu aliyeshtakiwa kwa nidhamu, anayehitaji mtu wa kukaa naye kwenye kikao, anasubiri.

Fedha inayokuja bila kuombwa hubadilisha tabia ya anayeipokea. Katibu ambaye kila mwezi anapaswa kumshawishi mwalimu abaki, atafika shuleni. Atajua ni nani hajalipwa fedha za uhamisho, nani kafiwa, nani ana malimbikizo ya mshahara. Katibu ambaye fedha yake inatoka kwenye mfumo hana sababu ya kuja kukaa na sisi kwenye benchi chini ya mwembe, na wengi hawaji. Chama chenye nguvu ya kweli ni kile ambacho mwajiri anajua kwamba watu wake wamekichagua na wanaweza kukifuata. Julai 2012 walimu waligoma nchi nzima mpaka Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilipoamuru mgomo usitishwe. Mtu akubaliane na mgomo ule au asikubaliane nao, hakuna fomu iliyosainiwa kwa niaba ya mtu inayoweza kumtoa darasani.

Tuna historia inayopaswa kutufanya waangalifu. Katika miaka ya 1950, wakati watumishi wa serikali ya kikoloni walizuiwa kuingia kwenye siasa, vyama vya wafanyakazi vilikuwa mahali pao pa kusemea. Rashidi Kawawa aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika lililoundwa mwaka 1955. Vyama vile vilijengwa na watu waliotoa shilingi yao wakijua wanamkasirisha bwana mkubwa. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilivunjwa na ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, kwa sheria. Katibu Mkuu wake alikuwa wa kuteuliwa na Rais, na Michael Kamaliza akawa Katibu Mkuu wa chama cha wafanyakazi na papo hapo Waziri wa Kazi. Mtu mmoja akakaa pande zote mbili za meza. Ikafuata jumuiya ya wafanyakazi, JUWATA, chini ya CCM, kisha shirika la vyama vya wafanyakazi, OTTU, mwaka 1991. Walimu walipoanzisha chama chao mwaka 1993, walikuwa wanatoka kwenye mwavuli ambao hawakuuchagua. Naheshimu sana walichokifanya. Ndiyo maana inaniuma kuona kijana wa leo anaingizwa kwenye chama kwa njia ile ile ambayo wazee wale waliikataa.

Wenzetu Kenya wamekumbana na hatari ya upande wa pili. Huko walimu wana KNUT, iliyoanza mwaka 1957, na KUPPET ya walimu wa shule za juu ya msingi. Baada ya mgogoro wa mahakamani mwaka 2019 juu ya miongozo ya kupandisha vyeo, wanachama wa KNUT walijikuta hawapati nyongeza waliyokuwa wakipewa wenzao wasio wanachama. Makumi ya maelfu wakajitoa, na chama kilichokuwa kikubwa kuliko vyote kikakonda ndani ya muda mfupi. Walimu wale hawakuhama kwa sababu waliona chama kingine kinawatetea vizuri zaidi. Wengi walihama ili mshahara wao usiguswe. Mwaka 2021 vyama vilirudi mezani pamoja na kusaini mkataba mpya na Tume ya Utumishi wa Walimu ya nchi ile. Nalitaja hili ili msidhani kwamba ninachoomba ni mwajiri apewe rungu la kuvibomoa vyama. Mkono wa mwajiri unaomwingiza mtu chama bila ridhaa ndio mkono huo huo unaoweza kumtoa bila ridhaa. Uondoke kwenye jambo hili kote kuwili.

Najua pia hofu ya baadhi yenu, na ya viongozi wangu wa chama, kwamba ukifungua mlango wa kuchagua, watumishi watatawanyika kwenye vyama vidogo vidogo na sauti itapotea. Hofu hiyo si ya kupuuza. Sheria inaruhusu chama kuundwa kwa mkutano wa watu 20, na vyama vya watu 20 havitamshtua Waziri yeyote. Ila sharti la zaidi ya nusu lipo kwa ajili hiyo hiyo: linawalazimisha watu kukusanyika ili wapate kiti. Waacheni wakusanyike kwa kushawishiana. Chama kikubwa kinachofanya kazi yake hakina cha kuhofia kwenye kura, na kikishinda kitaingia kwenye kikao cha majadiliano kikiwa na namba ambayo mwajiri hawezi kuidharau.

Ninayoyaomba mengine hayahitaji hata Bunge.

Wakurugenzi, itoeni TUF 6 kwenye rundo la siku ya kuripoti. Mtumishi aripoti, apate cheki namba, yaani namba yake kwenye orodha ya mishahara, apokee mshahara wake wa kwanza, kisha vyama vyote vilivyosajiliwa kwa kada yake vipewe siku moja ya kuja kujieleza mbele ya watumishi wapya, kwa muda sawa. Fomu atakayochukua iwe tupu sehemu ya jina la chama, aijaze kwa mkono wake, na abaki na nakala yenye muhuri wa tarehe. Notisi ya kujitoa ipokelewe kwa muhuri huo huo, mwezi mmoja ukipita mstari utoke. Siku hizi mtumishi anaomba likizo na uhamisho kwa mtandao. Ombi la kuacha au kuhama chama halina sababu ya kuzungushwa kati ya ofisi mbili kwa miezi.

Waziri wa Utumishi, mfumo wa mishahara uko mikononi mwa ofisi yako. Tenganisha mistari. Aliyesaini aandikiwe ada ya uanachama, asiyesaini aandikiwe ada ya uwakala, na pale ambapo hakuna mkataba wa uwakala asikatwe chochote. Marekebisho hayo ya maneno mawili kwenye hati ya mshahara yatatupa ukweli ambao hatujawahi kuwa nao.

Msajili, ombi langu kwako ndilo kubwa. Kila mwaka tangaza, kwa kila halmashauri, idadi ya watumishi wa kila kada na idadi ya waliosaini kwa kila chama. Idadi tu, bila majina. Nani yuko chama gani ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kumlinda. Weka wazi pia mikataba ya uwakala iliyopo, ilisainiwa lini na nani, pamoja na hesabu zilizokaguliwa za akaunti yake. Mwalimu anayekatwa bila kuwa mwanachama hana kikao cha kuuliza wala kura ya kumwondoa kiongozi. Karatasi ya ukaguzi ndiyo kinga pekee aliyobaki nayo.

Na wewe Waziri wa Kazi, fikiria kuleta kura ya siri ya kuthibitisha uwakilishi, kila baada ya miaka mitano, kwa kila kitengo cha majadiliano, ikisimamiwa na mtu asiye mwajiri wala chama. Leo kura hiyo inapatikana mwisho wa mgogoro, baada ya usuluhishi na mahakama, na watumishi wachache wana fedha au ujasiri wa kufika huko. Ikiwa ya kawaida, kwa ratiba inayojulikana, haitakuwa vita. Wapige kura wote walio kwenye kitengo, wenye chama na wasio nacho, shuleni, kwenye zahanati, kwenye ofisi ya kata, na matokeo yabandikwe mlangoni siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo, tamka rasmi kitengo cha mwalimu ni kipi: halmashauri, mkoa au taifa.

Viongozi wa chama changu nao watasoma barua hii. Nawaomba wasiichukue kama usaliti. Tuliosaini kwa hiari tutabaki, na tutakuwa na uso wa kuwaambia wenzetu waje. Leo nikimshawishi yule mwalimu wa hisabati ajiunge, ananiuliza ajiunge mara ngapi wakati ameshakatwa.

Yeye bado anasubiri jibu la maandishi. Naomba ofisi ya Msajili itoe tamko, kabla ya Mei Mosi ijayo, la kusema mtumishi aliyekatwa bila kusaini TUF 6 anahesabiwa kuwa nani, anakatwa kwa mkataba upi, na aende ofisi gani akitaka makato yasimame. Tamko hilo lipelekwe kwa Wakurugenzi wote 184, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila halmashauri na kila shule.

Wasalaam,

Mwalimu wa sekondari ya serikali,
mwanachama wa chama cha wafanyakazi kwa saini yangu